Bei Imekatwa, Mchele Uko Wapi?

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi swali moja limekuwa likirudi kila mara, na sisi wa ofisini tumeona bora tulijibu humu gazetini kuliko kulijibu nusu nusu barazani. Swali lenyewe ni hili. Karafuu yetu hununuliwa kwa bei iliyokatwa na Serikali, na mkulima hana la kufanya ila kuuza kwa bei hiyo. Lakini mchele, unga na sukari tunavyonunua dukani hupanda bei bila ya kutuuliza. Basi kwa nini Chama kisiiombe Serikali ikate na bei ya chakula, tukapumzika?

Swali ni la haki, na aliyeuliza hana kosa. Walakini kabla ya kuandika barua yoyote, yafaa tuwatazame wenzetu waliokwisha kulijaribu jambo hili. Katika Vita Kuu vya Pili, baina ya mwaka 1939 na 1945, serikali nyingi za dunia zilikata bei za vyakula, zikagawa mali kwa vipimo, na zikaamrisha nani afanye kazi gani na nani asiondoke kazini. Mahali pengine amri hizo ziliwalisha watu. Mahali pengine watu walikufa njaa na karatasi ya bei imebandikwa ukutani. Tutaeleza habari ya nchi mbili, Uingereza na Bengal, kisha turudi hapa kwetu Visiwani, maana vita vile vilikuwa mbali kwa mizinga lakini vilifika mpaka kwenye vyungu vyetu.

UINGEREZA: SERIKALI ILISHIKA GHALA

Uingereza ni nchi ya kisiwa kama yetu, na kabla ya vita sehemu kubwa ya chakula chake ilikuja kwa meli. Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, manowari za Wajerumani ziendazo chini ya maji zilianza kuzizamisha meli hizo. Kila mtu alijua kuwa chakula kitapungua, na kwamba chakula kikipungua bei itapanda, na kwamba bei ikipanda mwenye fedha atakula na maskini atatazama.

Tarehe 8 Januari 1940 mgao ulianza. Vitu vya mwanzo vilikuwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe ya chumvi. Baadaye vikafuata nyama nyingine, chai na vitu vingi zaidi, na mwezi wa Juni 1941 hata nguo ziliingia katika mgao. Kila mtu alipewa kitabu chake. Hakwenda kununua popote alipopenda, bali alijiandikisha kwa mwenye duka mmoja, na mwenye duka akapelekewa mali kwa hesabu ya watu waliojiandikisha kwake. Mwenye wateja mia alipata mzigo wa watu mia. Kwa hivyo mteja alipofika na kitabu chake, bei ilikuwa imekatwa, na mali yake ilikuwa imewekwa.

Hapa ndipo penye siri ya jambo zima, na twaomba wanachama wapasome vizuri. Wizara ya Chakula, ambayo kuanzia mwezi wa Aprili 1940 mpaka Novemba 1943 waziri wake alikuwa Lord Woolton, mtu aliyetoka katika biashara ya maduka, haikukata bei tu na kukaa. Ndiyo iliyokuwa mnunuzi. Ilinunua chakula kutoka ng'ambo kwa niaba ya nchi nzima, ikajua kiasi gani kimo baharini, kiasi gani kimo ghalani na kiasi gani kimekwisha kuliwa. Na pale gharama za kununua zilipopita bei iliyokatwa, Hazina ya Serikali ndiyo iliyolipa tofauti. Mkulima hakulazimishwa kuuza kwa hasara, wala mwenye duka hakuambiwa auze kwa chini ya alivyonunua.

Tena kipimo kilikuwa kimoja kwa tajiri na maskini. Ukoo wa Mfalme nao ulikuwa na vitabu. Waliozidishiwa walizidishiwa kwa haja yao na si kwa cheo: mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na kitabu cha rangi ya kijani, kilichowapa haki ya maziwa na vitu vingine vya afya mbele ya wengine.

Katika kazi mambo yalikwenda vivyo hivyo. Waziri wa Kazi alikuwa Ernest Bevin, aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Kwa amri ya mwezi wa Machi 1941, mfanyakazi wa kazi zilizotajwa kuwa za lazima hakuweza kuacha kazi bila ya ruhusa ya Serikali. Lakini amri hiyo hiyo ilimfunga na tajiri wake: naye hakuweza kumfukuza mtu bila ya ruhusa, na ilimpasa ahakikishe kuwa mshahara hauanguki chini ya kiwango. Mwezi wa Desemba mwaka huo sheria ikawafikia hata wanawake wasioolewa wa umri wa miaka 20 mpaka 30, wakaitwa kazini.

Hatusemi kuwa Waingereza walikuwa malaika. Magendo yalikuwapo, na wenye maduka waliokuwa wakiweka vitu chini ya meza kwa ajili ya rafiki zao walijulikana mtaani. Na shida haikwisha siku vita vilipokwisha. Mkate, ambao haukugawiwa kwa kitabu wakati wote wa vita, ulikuja kugawiwa baada ya vita, kuanzia Julai 1946 mpaka Julai 1948. Mgao wa mwisho, ambao ni wa nyama, uliondolewa mwezi wa Julai 1954. Hiyo ni miaka kumi na nne na nusu ya kitabu mkononi. Watu walinung'unika sana, lakini walinung'unika wakiwa hai.

BENGAL: BEI ILIKATWA, MCHELE UKATOROKA

Sasa tuvuke mpaka Bengal, ambayo wakati ule ilikuwa jimbo la Uhindi chini ya utawala wa Mwingereza huyo huyo. Mwezi wa Machi 1942 Wajapani waliishika Rangoon, mji mkuu wa Burma, na mchele wa Burma ukakatika. Serikali ikaogopa kuwa Wajapani watashuka pwani ya Bengal. Kwa hivyo ikaamrisha mchele uondolewe katika wilaya za pwani, na vyombo vya kupita mitoni na baharini vichukuliwe au viharibiwe ili adui asivipate. Zaidi ya vyombo 40,000 viliondolewa kazini. Katika nchi ile ya mito, chombo ndicho njia, ndicho gari, na kwa mvuvi ndicho jembe lake. Mwezi wa Oktoba mwaka huo kimbunga kikubwa kikaipiga pwani na kuharibu mpunga uliokuwa shambani.

Bei ilipoanza kupanda, Serikali ya jimbo ilifanya lile ambalo baadhi yetu tunataka kuliomba: ikakata bei. Kuanzia Julai 1942 ilitangaza kiwango cha juu cha bei ya mchele. Lakini haikuwa na mchele ghalani. Haikuwa mnunuzi, wala haikujua nani ana kiasi gani. Basi mchele ukatoweka sokoni kama samaki aonapo kivuli. Mwenye nao alificha, na aliyeuza aliuza usiku kwa bei yake. Ile bei ya Serikali ikabaki kuwa bei ya kitu kisichopatikana.

Tarehe 11 Machi 1943 Serikali ilisalimu amri, ikaondoa bei yake. Ikawa kama kufungua mlango wa boma. Mchele wa jumla mjini Calcutta, ambao mwezi wa Desemba 1942 uliuzwa kwa rupia 13 au 14 kwa kipimo cha maund moja, yaani karibu kilo 37, ulipita rupia 30 mwezi wa Mei 1943, na mwezi wa Agosti ulikuwa kama rupia 37. Kwa miezi minane bei ilikaribia mara tatu. Mshahara wa kibarua wa shamba haukwenda hata nusu ya safari hiyo.

Na katika Bengal kulikuwa na kipimo zaidi ya kimoja. Serikali iliona kuwa Calcutta ikisimama, vita vitasimama. Kwa hivyo watumishi wa Serikali, wa reli, wa bandari na wa viwanda vya vita walitangulizwa. Wao walipewa mchele kwa bei ya chini kupitia kwa Serikali na kwa matajiri wao. Mchele huo ulitoka wapi? Ulinunuliwa mashambani kwa bei yoyote, na kila gunia lililokwenda mjini lilizidi kupandisha bei kwa yule aliyebaki shamba. Aliyekuwa na kazi ya Serikali alikula. Aliyeupanda, akauvuna na kuutwanga mpunga ule hakuwa na jina katika orodha yoyote.

Waliokufa si matajiri, wala hawakuwa wengi katika wakulima wenye ardhi yao. Walikuwa vibarua wa mashamba, wavuvi, wachukuzi, mabaharia wa mitoni walionyang'anywa vyombo, na wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga wa watu kwa ujira. Walikuja kwa miguu mpaka Calcutta, wakafa kando ya njia mbele ya maduka yenye chakula. Tume ya Serikali iliyotoa ripoti yake mwaka 1945 ilihesabu watu kama milioni moja na nusu. Wataalamu waliokuja baadaye wamefikisha hesabu hiyo mpaka milioni tatu.

Amartya Sen, mtaalamu wa uchumi aliyeuona msiba huo akiwa mtoto wa Bengal, aliandika mwaka 1981 kwamba kwa hesabu yake mchele wa mwaka 1943 ulikuwa pungufu kidogo tu ya wastani wa miaka mitano, na ulizidi ule wa mwaka 1941, ambao haukuwa mwaka wa njaa. Wako wanaobishana naye juu ya hesabu hizo. Lakini neno lake kubwa limesimama: mtu hafi kwa kuwa nchi haina mchele, hufa kwa kuwa ujira wake haununui mchele. Yule aliyekuwa akilipwa kwa kugawana mavuno alisalimika zaidi kuliko yule aliyelipwa kwa fedha.

Mwisho wake Serikali ilifanya mwaka 1944 lililopasa kufanywa mwaka 1942. Ilichukua ghala, na mwishoni mwa Januari 1944 mgao wa vitabu ukaanza katika mji wa Calcutta. Wakati huo makaburi na mahali pa kuchomea maiti pamekwisha kujaa.

KWETU VISIWANI

Wanachama vijana huenda wakasema hayo ni ya Uhindi. Tazama basi tarehe hii. Tarehe 8 Machi 1942 Wajapani waliingia Rangoon, na siku hiyo hiyo Waholanzi walisalimu amri kwa Wajapani katika kisiwa cha Java. Burma ndiko kulikokuwa kunakotoka mchele wetu mwingi. Java ndiko kulikokuwa na viwanda vya sigara za kretek, mojawapo ya masoko mawili makubwa ya karafuu yetu, la pili likiwa Uhindi. Kwa hivyo katika siku moja Unguja na Pemba zilipoteza mahali pa kununua chakula na mahali pa kuuza karafuu. Wazee wetu walijikuta na magunia ya karafuu wasiyoweza kuyala.

Serikali ya hapa nayo ilikata bei na kutoa kadi za chakula, na ikahimiza watu walime muhogo, mtama na mpunga. Muhogo ndio uliowavusha wengi, na kwa hilo hakuna anayebisha. Lakini kadi zile ziliingiwa na dosari moja. Hazikugawiwa kwa kipimo kimoja. Ziligawiwa kwa kuangalia kabila: mchele ulielekezwa zaidi kwa waliohesabiwa kuwa Wahindi na Waarabu, na waliohesabiwa kuwa Waafrika walielekezwa kwenye nafaka nyingine, ikachukuliwa kuwa hicho ndicho chakula chao. Mtu ambaye nyumbani kwao wakila wali tangu enzi za babu yake aliambiwa kuwa yeye si mtu wa mchele. Watu wakaanza kuulizana makabila mlangoni pa duka, na wengine wakabadilisha jina la kabila lao ili watoto wao wale wali. Kadi ziliondolewa baadaye, lakini maneno yaliyoanza kusemwa katika foleni zile hayakuondoka nazo.

Na kwetu pia ujira ulibaki nyuma ya bei. Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini ughali haukwisha. Mwaka 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waligoma, na mgomo ukaenea mjini mpaka shughuli zikasimama. Hawakuwa wakidai anasa. Walikuwa wakidai kwamba mshahara wao ununue chakula.

LA KUSHIKA NA LA KUACHA

Tuliosoma vyuoni tunajua kuwa jambo hili si geni. Imepokewa kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wamuombe awakatie bei, naye hakukubali, akiogopa kumdhulumu mtu katika mali yake. Lakini huyo huyo alikataza vikali kuficha chakula ili kipande bei. Na tunakijua kisa cha Nabii Yusuf: hakuanza na bei, alianza na ghala. Aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akaweka akiba katika miaka saba ya neema, na ilipokuja miaka ya dhiki kila aliyefika alipimiwa.

Basi jibu letu kwa swali la wanachama ni hili. Bei ya karafuu yetu husimama kwa sababu anayeikata ndiye anayeinunua, na ghala analo yeye. Mchele hauko hivyo. Tukiomba bei ya mchele ikatwe na asiwepo mwenye kuushika mzigo, tutakuwa tumeomba mambo ya Bengal. Wa kwanza kuukosa mchele hatakuwa mwenye mikarafuu mia tatu. Atakuwa mchumaji wake.

Na hapa, ndugu wanachama, inatupasa tujitazame wenyewe. Katika barua zote tulizopokea juu ya ughali wa chakula, mkulima analalamika bei anayolipwa yeye. Haki yake. Lakini wakati wa mavuno sisi nasi tunageuka kuwa wakataji bei. Sisi ndio tunaoamua mchumaji alipwe ngapi kwa pishi au kwa kilo, na mwanamke anayechambua karafuu na makonyo usiku kwa taa alipwe ngapi. Mara nyingi tunaulizana tu: mwaka jana tulilipa ngapi? Hatuulizani fedha ile mwaka jana ilinunua mchele kiasi gani, na mwaka huu inanunua kiasi gani. Hilo ndilo kosa lililowaua vibarua wa Bengal, nalo halihitaji vita ili litendeke.

Kwa hivyo ofisi inaleta mambo matatu, matawi yayazungumze kabla ya mavuno.

La kwanza, Chama kikiiandikia Serikali juu ya chakula, kisiombe bei peke yake. Kiombe akiba ya mchele hapa Visiwani, na kiulize kwa adabu lakini waziwazi imebaki kiasi gani. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili, msaada wowote wa chakula utakaopitia mikononi mwa Chama, uwe mkubwa au mdogo, ugawiwe kwa kipimo kimoja. Asitangulizwe jamaa wa katibu wala wa mwenyekiti. Kama kuna wa kutangulizwa, awe mjamzito, mtoto na mgonjwa.

La tatu, kila tawi lifanye hesabu ndogo. Liandike ujira wa mchumaji kwa siku katika mavuno yaliyopita, na bei ya kilo ya mchele siku hizo. Kisha liandike bei ya mchele ya sasa. Ujira upangwe kwa kuangalia hesabu hiyo, na si kwa mazoea. Tawi litakaloona bora lilipe sehemu ya ujira kwa chakula, lizungumze kwanza na wachumaji wenyewe, maana wapo wanaohitaji fedha taslimu za kupeleka kwao.

Tunajua kuwa wapo watakaosema katibu amewasahau wakulima na kuwasemea wachumaji. Sivyo. Karafuu haijichumi. Ikikomaa haimngojei mtu, na isipochumwa kwa wakati hufunguka maua juu ya mti, na hasara yake tunaijua wote. Mchumaji akikosa kula, atakwenda penye chakula, na sisi tutabaki na bei nzuri ya Serikali na karafuu iliyo juu ya mti.

Hesabu za matawi ziletwe ofisini kabla ya mkutano mkuu, nasi tutazichapa humu gazetini kila tawi na jina lake.

Wassalaam,
Katibu wa Chama